Jirani Akiomba Kidonge cha Usingizi: Je, Kumnyima ni Uchoyo?

Katika mitaa yetu ya mwambao nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mlango wa jirani haubishwi kwa hofu. Akikosa chumvi huomba chumvi. Akipungukiwa na makaa huletewa makaa. Na sahani iliyokuja imefunikwa hairudishwi tupu. Tumelelewa kuona ya kuwa mwenye kumnyima jirani kitu kidogo alicho nacho ni mtu aliyepungukiwa na utu, na dini yetu nayo imewalaumu wanaozuia misaada midogo midogo ya majumbani. Malezi haya ni mema, wala hatutaki yapotee. Lakini katika zama hizi kimeingia majumbani mwetu kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, nacho huombwa kama inavyoombwa chumvi, ilhali si chumvi: kidonge cha usingizi alichoandikiwa mtu na daktari wake.

Basi suala tunalotaka kulitazama ni hili. Mtu ana vidonge vya usingizi alivyopewa kwa haki. Jirani yake, au dada yake, au mama mkwe wake, amekesha siku tatu, macho yamemwiva, anamwomba kimoja tu. Je, kumpa ni wema? Na akimnyima, atakuwa mchoyo?

Yatupasa kwanza tumtendee haki mwenye kutoa, maana hoja zake si za kipuuzi. Husema: Mimi nimekitumia miezi miwili wala hakikunidhuru. Husema: Huyu hana pesa za daktari, na kulipia ushauri na dawa ni mzigo kwake. Husema: Kukosa usingizi ni adhabu, na mwenye kumwona mtu adhabuni naye ana cha kumpoza, kisha akakificha, huyo moyo wake ni jiwe. Na husema: Ni kimoja tu. Hoja hizi nne ndizo zinazovitoa vidonge chini ya mito ya watu na kuvipitisha barazani kwa barazani. Kwa hiyo tutazijibu moja baada ya moja.

Ama ile ya kwanza, kwamba hakikunidhuru mimi, kosa lake ni kudhani ya kuwa daktari alitoa kitu, hali ya kuwa daktari alitoa hukumu. Kabla ya kuandika cheti kile alimtazama mtu mmoja: umri wake, uzito wake, kazi yake, ini lake na pumzi zake, dawa nyingine anazotumia, kama ni mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha. Katika hayo yote akatoa jina la dawa, kipimo chake, saa ya kuimeza na idadi ya siku. Kidonge ni sehemu ndogo ya hukumu hiyo. Mwenye kumpa jirani yake kidonge amempa sehemu ile ndogo, na hukumu yenyewe ameiacha nyumbani. Ni mfano wa mtu aliyekatiwa kanzu na fundi kwa kipimo cha mabega yake, kisha akamvika nayo kila apitaye njiani. Ila kanzu isiyokuenea huivua, na kidonge kikishamezwa hakivuliki.

Wala wasidhani wasomaji wetu ya kuwa hii ni mifano ya maneno tu. Iko dawa ya usingizi inayotumika sana duniani, iitwayo zolpidemu. Kwa miaka mingi wanaume na wanawake waliandikiwa kipimo kimoja, miligramu 10. Mwaka 2013 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa iliamuru kipimo cha wanawake kipunguzwe hadi miligramu 5, kwa kuwa ilibainika ya kuwa miili ya wanawake huiondoa dawa hiyo polepole zaidi, na asubuhi baadhi yao huwa bado wanayo katika damu kiasi cha kuwaharibia uendeshaji wa gari. Basi fikiri: mume na mke, nyumba moja, kitanda kimoja, na kipimo cha huyu si kipimo cha huyu. Ikiwa ni hivyo baina ya mume na mkewe, itakuwaje baina ya mtu na jirani yake?

Na wazee hatari yao ni kubwa zaidi. Diazepamu, ambayo wengi waijua kwa jina la Valium, haitoki mwilini kwa usiku mmoja. Hukaa siku kadhaa, na kwa mzee hukaa zaidi, hata kidonge cha leo kikakikuta cha jana bado kipo. Mzee huyo akiamka usiku kwenda msalani, au alfajiri kutafuta maji ya udhu, miguu humpotea akaanguka. Na mzee aliyevunjika nyonga si mtu aliyepata jeraha dogo. Wengi hawarudi tena kutembea kama walivyokuwa wakitembea. Mwanawe aliyempa kidonge ili mama apumzike atakuwa amemnunulia usingizi wa usiku mmoja kwa thamani ya miguu yake.

Kisha yuko mtu anayekoroma kwa kishindo, na katikati ya kukoroma pumzi zake hukatika kitambo, akagutuka, kisha zikarudi. Mchana husinzia barazani na husema, "Mimi silali vizuri." Huyu ndiye hasa atakayeomba kidonge, na ndiye asiyefaa kupewa pasi na kuchunguzwa, kwa sababu kule kugutuka ndiko kunakomrudishia pumzi, na dawa ya kumlaza yaweza kumzuilia kugutuka.

Tena ziko habari za kale zinazofaa kukumbukwa kila mtu anaposema "hakikunidhuru mimi". Mwaka 1957 ilianza kuuzwa katika Ujerumani ya Magharibi dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, jina lake thalidomaidi. Ilisifiwa kuwa ni salama mno, ikauzwa hata bila ya cheti cha daktari, na ikaenea katika nchi nyingi. Wanawake wenye mimba waliitumia kwa kupata usingizi na kwa kuondoa kichefuchefu, nao wakalala na wakaamka salama. Walipojifungua, wako waliozaa watoto wasio na mikono, au wenye viganja vilivyoota mabegani, au wasio na miguu. Dawa iliondolewa madukani kule mwishoni mwa mwaka 1961, na inakadiriwa ya kuwa watoto waliodhurika duniani walizidi 10,000. Mama aliyeimeza hakuona dhara lolote katika nafsi yake. Dhara lilimfika mwingine aliyekuwamo ndani yake. Basi mtu anayekufanya mwili wake mizani ya miili ya watu wote amechukua mizani isiyoweza kupima.

Ama hoja ya kuwa ni kimoja tu, jawabu lake ni kwamba mtoaji hajui hicho kimoja kinakwenda kukutana na nini. Dawa za kale za usingizi, zile za jamii ya babitureti, ambazo ya kwanza yao ilianza kuuzwa mwaka 1903, zilikuwa na tofauti ndogo sana baina ya kipimo cha kulaza na kipimo cha kuua, na watu wengi walikufa nazo. Zilipokuja za jamii ya benzodiazepini, ya kwanza mwaka 1960 na diazepamu mwaka 1963, watu walishukuru kwa kuwa hizi zikimezwa peke yake ni nadra kuua. Shukrani hiyo ilikuwa ya haki, lakini watu waliyasahau yale maneno "peke yake". Zikikutana na ulevi, au na dawa za maumivu za jamii ya afyuni kama vile kodeini, tramadoli na mofini, kila moja huipa nguvu mwenziwe, na pumzi hupungua hadi hukatika. Mwaka 2016 idara ile ile ya Marekani iliamuru onyo kali kuliko yote liandikwe juu ya dawa hizi kwa sababu ya mchanganyiko huo. Na mwezi wa Januari mwaka 2008 mchezaji wa sinema Heath Ledger, kijana wa miaka 28, alikutwa amekufa kitandani huko New York. Uchunguzi wa daktari wa serikali ulionyesha ya kuwa aliuawa, pasi na kukusudia, na dawa sita zilizokutana mwilini mwake, miongoni mwao za maumivu, za kutuliza na za usingizi.

Sasa jirani anayebisha mlango usiku, je, atakueleza ya kuwa jioni alimeza dawa ya maumivu ya mgongo? Huenda asikumbuke. Je, atakueleza ya kuwa amekunywa kileo, naye ni mtu wa heshima mtaani? Hatakueleza. Daktari huambiwa siri hizo kwa kuwa ni daktari. Jirani hufichwa kwa kuwa ni jirani. Hivyo heshima ile ile inayomfanya akuombe ndiyo inayomfanya asikuambie yanayopasa kujulikana kabla ya kupewa.

Na hicho "kimoja tu" hakibaki kimoja. Usiku wa leo kimemlaza. Kesho atakuja tena, nawe uliyetoa jana utatoaje sababu ya kunyima leo? Dawa hizi mwili huzizoea, na mtu anaweza kufika mahali asilale pasi nazo katika muda wa wiki chache. Akishazizoea, kisha zikakatika ghafula kwa kuwa jirani amesafiri au chupa imekwisha, hupatwa na wahaka, kutetemeka, kukesha kuliko kule kwa mwanzo, na pengine mtukutiko kama wa kifafa. Ndiyo maana mwenye kuziacha huziacha kidogo kidogo kwa uongozi wa daktari. Mtoaji alidhani ametoa zawadi, kumbe amefungua deni asiloweza kulilipa, na huku yeye mwenyewe akipungukiwa na kipimo chake.

Hoja ya tatu ni ya huruma, nayo ndiyo nzito. Lakini huruma lazima iulize: huyu amekoseshwa usingizi na nini? Kukesha mara nyingi ni mjumbe aliyetumwa na jambo jingine. Mtu aweza kukesha kwa sababu ya kisukari kinachomwamsha kukojoa mara kwa mara, au maumivu, au moyo, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au kwa chai ya rangi na kahawa chungu alizokunywa baada ya isha, au miraa aliyotafuna hadi usiku wa manane, kisha akataka kidonge kimshushe kule alikopandishwa. Na aweza kukesha kwa huzuni iliyomlemea hata akakata tamaa ya maisha. Kumpa kidonge huyu wa mwisho pasi na kumwuliza lililomo moyoni mwake ni hatari kubwa. Na kumwachia chupa nzima ni hatari isiyokuwa na kifani. Mwenye kumziba mjumbe kinywa kabla ya kusikia alichotumwa hakumhurumia mwenye nyumba.

Imebaki hoja ya umasikini, nayo hatuipuuzi, maana ni kweli kwamba wako wasioweza. Lakini itazame vizuri. Ikiwa jirani yako hana nauli ya hospitali, basi anachokuomba kwa hakika ni nauli, ijapokuwa ulimi wake umetaja kidonge. Mpe nauli. Ikiwa anaogopa kwenda peke yake, fuatana naye. Ikiwa hawezi kujieleza, mwandikie katika karatasi usiku mangapi amekesha na dawa gani anazotumia, aende nayo. Ikiwa yuko peke yake na huzuni yake, kaa naye mpaka usiku upungue. Haya ni mazito kuliko kutoa kidonge, na hilo ndilo linalotufanya tushuku wema wa kidonge: mara nyingi humpa mtoaji njia nyepesi ya kuwahi kurudi kitandani.

Na kuna la kumfundisha lisilohitaji pesa. Mwaka 2016 chuo cha madaktari wa maradhi ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo ya kuwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa kukesha wa muda mrefu aanziwe kwa matibabu ya kurekebisha mazoea na fikra, kabla ya dawa. Misingi yake ni mepesi kueleza: aamke saa moja ile ile kila siku hata akiwa amelala vibaya, asilale mchana kwa muda mrefu, kitanda kiwe cha kulala, si cha kuhesabu madeni, na akiona usingizi haumjii, aondoke kitandani, akae mahali penye mwanga hafifu hata usingizi umrudie, ndipo arejee. Kahawa, chai kali na miraa aziache tangu alasiri. Hayatibu kwa usiku mmoja, lakini wengi wamefaidika nayo kwa muda wa wiki kadhaa, wala hakuna aliyevunjika nyonga kwa ajili yake.

Ama upande wa dhamana, sisi hatukuachwa gizani. Wanazuoni wa fiqhi wameeleza tangu kale ya kuwa mtu anayejitia katika utabibu pasi na kujulikana kwa elimu hiyo, kisha akamdhuru mgonjwa, huwa dhamini wa dhara hilo. Wala nia yake njema haimwondolei dhamana. Na msingi wa kutodhuru wala kudhuriana wajulikana na kila mwanafunzi wa chuoni. Mwenye kumpimia jirani dawa ya usingizi amejitia katika utabibu, hata kama ameufanya akiwa na kanga begani na taa mkononi. Sheria ya nchi yetu nayo, ile ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, imeziweka dawa kama hizi mkononi mwa wenye ujuzi, zitolewe kwa cheti. Basi mnyimaji hakuzuia haki ya jirani. Haki ya jirani ni kusalimika na mkono wako kabla ya kunufaika nao.

Na kwa kuwa anayemnyima mwenzake lazima yeye mwenyewe atumie alichonacho kwa adabu, tutaje hapa wajibu wa mwenye dawa. Aimeze kama ilivyoandikwa, pale anapokwenda kulala, naye awe na saa saba au nane mbele yake za kulala. Asiimeze kisha akaendelea na shughuli za jikoni au simu. Akigutuka usiku wa manane asiongeze cha pili. Asichanganye na kileo, wala na dawa ya maumivu, ya kifafa, ya mafua au ya mzio yenye kusinzisha kabla ya kumwuliza daktari au mfamasia. Asubuhi akiwa bado mzito asiendeshe gari, tuktuk wala pikipiki. Akisikia ya kuwa ametembea, amepika au amesema usiku naye hakumbuki, amrudie daktari upesi. Asiiache ghafula baada ya kuizoea. Aiweke katika pakiti yake yenye jina, mahali penye kufuli, si chini ya mto wala juu ya kabati la sahani. Maana mtoto huona peremende, na kijana aliyeingia katika ulevi huona mtaji. Vidonge vya jamii hii vimo katika vile vinavyowaharibu vijana wetu wa pwani, na si vyote vilivyotoka kwa wauzaji wa gizani. Vingine vilitoka katika droo ya bibi. Vikibaki, arudishe kwa mfamasia. Na mtu akikutwa amemeza naye haamshiki, au pumzi zake ni chache, alazwe ubavu, asitiliwe kitu kinywani, apelekwe hospitali hapo hapo, na pakiti ichukuliwe ili daktari ajue alichomeza.

Yamebaki maneno ya kumwambia jirani mlangoni, kwa kuwa wengi hutoa si kwa kuwa wanaona ni sawa, bali kwa kuona haya. Mtu aweza kusema: "Dada yangu, lau ingekuwa changu ningekupa. Lakini hiki kimepimwa kwa mwili wangu, nami sijui kitaufanya nini wako. Ingia tukae, na kukicha nitafuatana nawe kwa daktari." Mwenye kusema hivi na akatimiza amempa jirani yake wakati wake, miguu yake na nauli yake. Huyo haitwi mchoyo katika lugha yetu. Na akipatikana mtu wa kumwita hivyo, na avumilie, kwani ni afadhali kulaumiwa asubuhi na jirani aliyeamka kuliko kushukuriwa usiku na jirani ambaye hataamka.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutuwafikisha katika kheri.